Ukuta Tulioupeleka Bungoma

Siku ya kumzika Mwalimu Barasa, kijijini kwao nje ya Bungoma, nilipewa dakika tatu za kusema. "Tatu tu, Mama, mvua inakuja," msimamizi alininong'oneza akinipa kipaza sauti, na kweli wingu lilikuwa limeshatoa rangi ya sufuria kuukuu. Nikasema marehemu alinifundisha fizikia. Watu wakacheka, si kwa ubaya; wengi wananijua kwa duka langu la mbegu pale Kitale, na muuza mbegu na fizikia ni wapi na wapi? Nikasema pia kwamba mwaka wa tisini na moja tulikwenda Bungoma na ukuta. Hapo wakacheka zaidi, na kabla sijaeleza ni ukuta gani, dakika zangu zikaisha. Nilirudi nyumbani na ule ukuta umenikaa kooni. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani, nitaziacha, hazina utamu. Ninaotaka kuuandika ni mwaka huo mmoja, kwa sababu ndio mwaka niliojua kwamba kichwa changu nacho ni kichwa.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya harambee ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Kitale unapoelekea Endebess. Nilikaa mtaa wa Matisi kwa Senge, yaani shangazi yangu kwa lugha yetu sisi watu wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye mikono isiyotulia, ambaye akikosa kazi hufagia mahali palipofagiwa. Fizikia tulikuwa wasichana wanne tu. Maabara hatukuwa nayo. Tulisomea stoo ya mbolea, chumba chenye dirisha moja dogo, na meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya matofali. Hata leo nikifungua gunia la mbolea ya kupandia dukani, kitu cha kwanza kunijia si mahindi, ni sheria za mwendo. Mwalimu Barasa alikuwa kijana, shati moja la buluu na jingine la buluu, na alipenda somo lake hadi ukamwonea huruma. Rafiki yangu Chebet, msichana kutoka mlimani huko juu, mwembamba na mwenye ulimi mkali, alikuwa akisema, "Huyu mwalimu akioa, ataanza kumweleza bibi harusi habari za msuguano."

Kati ya stoo na ofisi ya Mwalimu Mkuu palikuwa na mbao tu, tena zenye nyufa. Siku moja mwanzoni mwa muhula wa pili tulikuwa tumekaa tukimngoja mwalimu, tukasikia sauti yake upande wa pili, na ya Mwalimu Mkuu juu yake. "Wanafunzi wanne, Barasa! Wanne ni darasa ama ni familia?" Mwalimu Barasa akajibu kitu ambacho hatukukisikia. "Kilimo kina hamsini," Mwalimu Mkuu akaendelea. "Mtoto wa hapa akijua kilimo, anakula. Akijua hiyo fizikia yako, anafanya nini, anarekebisha umeme tusiokuwa nao?" Kisha tukamsikia Mwalimu Barasa vizuri: "Nipe hadi maonyesho ya sayansi. Tafadhali, Mwalimu." Mwalimu Mkuu akacheka puani. "Haya. Mkivuka Kitale, mkaenda Bungoma, mkaniletea cheti kutoka huko, fizikia inabaki. Msipoleta, muhula wa tatu hao wanne wanaingia kilimo, na wewe unaanza kutafuta shule." Chebet alinibana goti. Dakika moja baadaye mwalimu akaingia stoo, akafuta ubao ambao haukuwa na maandishi, akasema, "Sasa, jana tuliishia wapi?" Sisi wanne tukamwangalia kama watu wanaomwangalia mzazi aliyelia akidhani hawajamwona.

Shule nyingine zilipeleka majiko na vichujio vya maji, vitu vya maana. Mwalimu alitaka tuchague wenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa kuota mchana, na swali langu lilikuwa limenisumbua tangu utoto: kwa nini nyota hazikutapakaa sawasawa angani, kama unga uliopepetwa? Kwa nini kule ziko bonge na huku hakuna kitu? Nililisema kwa aibu. Mwalimu Barasa aliketi juu ya gunia. "Nekesa," akasema, "hilo watu wakubwa wanalipigania sasa hivi." Akatueleza kwa uji. Mwanzoni, alisema, ulimwengu ulikuwa kama uji uliokorogwa na mtu asiyejua kuchoka, laini, una vibonge vidogo mno usivyoweza kuvihisi kwa ulimi. Leo mabonge yako kila mahali: nyota zimekusanyika, makundi ya nyota nayo yamekusanyika, na katikati ni utupu.

"Si ni mvutano, Mwalimu?" Chebet akauliza.

"Ni mvutano, ndiyo. Lakini ukikadiria vitu vyote vinavyong'aa, mvutano wake hautoshi. Halafu mwanga wa mwanzo ulikuwa mkali sana. Gesi ikitaka kujikusanya, mwanga unaisukuma inatawanyika. Kwa hesabu hiyo, leo tungekuwa bado ni uji."

"Sasa?"

"Sasa wanasema kuna maada nyingine, nyingi kuliko hii yetu. Haing'ai, wala mwanga hauisukumi. Wanaiita maada ya giza. Hiyo ndiyo ilianza kujikusanya kimyakimya, ikafanya nyuzi na vifundo, na baadaye gesi ikaja kuangukia humo. Ndipo nyota zikawaka."

"Na imeonwa?" nikauliza.

"Bado."

"Itaonwa na nani?"

"Labda wewe," akasema, akainuka kwenye gunia akajipangusa suruali. Nilitembea na hiyo "labda wewe" juma zima. Nilikula nayo, nikateka maji nayo. Na mpaka leo ninapoandika haya, hakuna aliyeishika mkononi, na mimi sioni haya kwamba si mimi.

Shida ilikuwa namna ya kuionyesha. Mwalimu alijaribu mchanga juu ya ngoma, akajaribu sumaku na vumbi la chuma, na kila mara mtu akiangalia alisema, "Eh, sumaku." Jumamosi moja Senge akaniita tukasaidie jirani kukandika nyumba yake. Kwa wasioijua kazi hii: wanaume huja asubuhi na mapema, wanasimamisha nguzo, halafu wanafunga fito, zile fimbo nyembamba, zinapita huku na zinapita kule, mpaka nyumba inakuwa kama kikapu unachoweza kuona ng'ombe upande wa pili. Wanawake tunakanyaga udongo na maji. Lakini hakuna anayerusha hata tonge moja mpaka mfunga fito ashike ule mfumo kwa mikono miwili, autikise, aseme, "Haya, akina mama." Mfunga fito wetu, mzee mmoja, aliutikisa, akasema, tukaanza. "Nekesa, unakanda udongo kama mtu anayejenga kwake," mama mmoja akanitania. "Kuna mtu tusiyemjua?" Wakacheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Udongo niliourusha katikati ya uwazi mkubwa ulipita ukaanguka chini. Niliourusha penye fito ulishika, na pale fito zilipokutana ukashika bonge. Nikasimama na tonge mkononi kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona. Jioni nyumba ilikuwa imekamilika na fito hazionekani tena, na kila mpita njia akasema, nyumba nzuri ya udongo. Hakuna aliyesema nyumba nzuri ya fito.

Jumatatu nilimngoja Mwalimu Barasa mlangoni. "Mwalimu, hiyo maada ya giza, si ni fito?" Nikamweleza. Alisikiliza, chaki ikiwa mkononi, halafu akaiweka chini polepole. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akaenda dirishani, akasimama ametugeuzia mgongo, na Chebet akaniambia kwa sauti ndogo, "Umemuua, bana." Lakini alipogeuka alikuwa anacheka kwa macho mekundu. Nimepata mambo mengi maishani, watoto, duka, shamba la kukodi, lakini yule mtu mwenye digrii kuniambia "rudia" si kwa sababu nimekosea bali kwa sababu nimepatia, hilo sijalipata mara ya pili.

Tukajenga ukuta uani kwa Senge, juu ya ubao, urefu wake hadi kiunoni mwangu. Nusu ya kulia tuliikandika. Nusu ya kushoto tuliiacha fito wazi, ili mtu aone kwa jicho lake kinachoushika udongo. Hiyo nusu ya wazi ndiyo ilikuwa mahubiri yetu yote. Kitale tulishinda bila jasho. Jaji alipita, akaangalia fito, akaangalia udongo, akasema "Aha," akaandika. Mwalimu Mkuu alisikia, akasema tu, "Kitale si Bungoma." Tukaurudisha ukuta kwa Senge kungoja safari ya Ijumaa.

Alhamisi nilibaki shuleni na Chebet tukijifunza maelezo yetu, tukarudi kwa Senge saa kumi na moja. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo uani, mikono imejaa udongo hadi viwikoni, uso unang'aa kama wa mtu aliyejifungua salama. Ukuta ulikuwa mbele yake. Ulikuwa umekandikwa wote, mbele na nyuma, ukapakwa samadi ukawa laini kama shavu, chini mkanda mweusi, juu majivu meupe, na katikati alikuwa amechora majani kwa vidole. Wa kupendeza kabisa. Hapakuonekana ufito hata mmoja.

"Nimekaa naangalia hiki kitu," Senge akasema, "nikajiambia hapana. Mtoto wangu hawezi kwenda kwa wageni na nyumba iko uchi nusu. Watasema nini? Watasema kwao hakuna wanawake."

Na kwetu ni kweli. Nyumba iliyokandikwa nusu ni aibu. Inasema mwenyewe ameachwa, au amegombana na kijiji chote hata akakosa mtu wa kumsaidia. Senge alikuwa amefanya kazi siku nzima ili tusiaibike. Chebet alinivuta kando ya jikoni. "Nipe panga. Nitabandua upande mmoja, dakika kumi."

"Chebet, anatuona."

"Si aone! Fizikia inakufa na wewe unaona huruma?"

"Ebu muangalie kwanza."

Tukachungulia. Senge alikuwa anazungusha kidole kwenye jani moja ambalo halikumridhisha. Chebet akapumua kwa nguvu. "Ninyi watu wa Bungoma mtatumaliza kwa upendo," akasema, na tukaingia jikoni tukala ugali na mrenda, Senge akitupakulia mara mbili mbili. Nilimwambia asante. Nilisema asante kweli.

Asubuhi lori la mahindi lilitupakia sisi na ukuta, umefunikwa magunia, na Mwalimu Barasa mbele na dereva akiimba nyimbo za kanisa. Hatukumwambia. Chebet alisema nimwambie mimi, kwa kuwa ni shangazi yangu. Mimi nikasema tukifika Webuye, halafu tulipofika Webuye nikasema tukifika Bungoma. Tulifunua magunia ndani ya ukumbi wa shule iliyotupokea, watu wa majiko upande huu na watu wa vichujio upande ule. Mwalimu aliuzunguka ukuta, mbele na nyuma.

"Nekesa. Fito ziko wapi?"

"Ziko ndani, Mwalimu. Ni Senge. Alitaka tupendeze."

Nilifikiri atapiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa jukwaa, akashika kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, au analia, sikujua. "Basi ni kama ilivyo kweli," akasema mwishoni. "Hakuna aliyetuachia nusu wazi huko juu. Mwalimu haruhusiwi kusimama hapa. Ni ninyi."

Majaji walikuwa wawili, bwana mmoja mkubwa mwenye koti la kijivu, na madam mwenye miwani aliyeonekana amechoka na majiko. Yule bwana akasoma kichwa cha kazi yetu kwa sauti, akauangalia ukuta. "Mimi naona ukuta tu. Tena mzuri. Hiyo maada ya giza iko wapi?"

Maelezo yote niliyokuwa nimekariri yalianza na maneno "kama mnavyoona upande wa kushoto." Nilimwona Mwalimu Barasa nyuma ya watu, amekunja mikono, na nikajua kwamba nikinyamaza, anahama.

"Haionekani, Bwana Jaji," nikasema. "Hata mimi siioni. Lakini ukuta umesimama."

"Kuta husimama."

"Huu unene wake ni vidole vinne, Bwana Jaji, na tope la ndani bado bichi. Wewe wa wapi? Samahani. Kwenu mnajenga na nini?" Watu wakacheka. Bwana akasema kwao ni Bungoma hapahapa na anajua kukandika tangu utoto. "Basi tusaidie," Chebet akaingilia, akasukuma mbele ndoo ya udongo tuliyokuja nayo. "Jenga mwingine hapa, urefu huu, vidole vinne, bila fito."

Sidhani alikuwa na nia ya kufanya. Lakini mtu nyuma alipaza sauti, "Ati anaogopa tope!" na ukumbi mzima ukageuka. Akavua koti, akamshikisha madam, akakunja shati. Akajenga. Ulipofika magotini ukaanza kuinama kama mlevi anayetafuta kiti. Akaushika upande huu, ukatokea upande ule, kisha wote ukaketi chini. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, yeye mwenyewe akacheka hadi akapangusa jicho kwa mkono wenye udongo.

Madam hakucheka. Alikuwa ameamka. "Subiri," akaniambia. "Angeujenga polepole, tabaka moja likauke, kesho tabaka lingine, ungesimama bila fito. Kuna nyumba za namna hiyo. Kwa nini ulimwengu usijengwe hivyo?"

Hilo halikuwa kwenye maelezo. Nakumbuka nilimwangalia viatu. Kisha nikakumbuka jirani mmoja wa Matisi aliyejaribu tofali mbichi mwezi wa nne. "Mvua, madam," nikasema. "Tabaka likinyeshewa kabla halijakauka linarudi kuwa tope. Mwanzoni mwanga ulikuwa mwingi kila mahali, ulisukuma gesi isijikusanye. Huo ndio ulikuwa mvua. Udongo ulingoja mvua iishe, na ilipoisha, muda uliobaki haukutosha kuanza kutoka chini kabisa. Lakini fito haziyeyuki kwa mvua. Wakati udongo unanyeshewa, fito zilikuwa zinafungwa. Mvua ilipokatika, udongo ulikuta kazi imeshafanywa."

Alinitazama juu ya miwani. "Nani alikufundisha jibu hilo?"

"Hakuna, madam. Nimelipata sasa hivi."

"Naona," akasema, na akaandika muda mrefu. Yule bwana naye akaenda kwenye ukuta wa Senge, akaugonga kwa kidole hapa na pale, sikio karibu, akisikiliza pale sauti inapobadilika. "Mmoja uko hapa," akasema peke yake. "Na mwingine unapita hapa." Alikuwa amesahau kwamba yeye ni jaji.

Tulikuwa wa tatu. Wa kwanza walikuwa watu wa jiko, na lilikuwa jiko zuri, siwezi kusema uongo. Cheti chetu kilikuwa na muhuri mwekundu, Chebet alikishika safari yote ya kurudi kwa ncha za vidole kama yai. Mimi mtihani wa mwisho wa fizikia, mwaka uliofuata, nilipata D, na hesabu sitaki hata kuitaja. Shule yangu iliishia hapo. Watu wakisikia hilo hunionea huruma, na mimi huwashangaa. Kuna watu wana A na hawajawahi kulipata jibu lao wenyewe wakiwa wamesimama, mbele ya umati, viatu vimejaa tope. Nimeuza mbegu miaka mingi nikiwa na kitu hicho kifuani na hakijapungua uzito. Senge, nilipomwambia kwamba jaji mzima alivua koti kwa ajili ya ukuta wake, aliuliza swali moja tu: kama waliyaona yale majani.

Jumatatu, paredi. Mwalimu Mkuu alipokea cheti, akakisoma mbele na nyuma, akakisoma tena. Nadhani alitafuta mahali palipoandikwa kwamba kuwa wa tatu si cheti. "Nilisema mlete kitu," akasema mwishowe. "Mmeleta. Fizikia itabaki." Akakunja uso kana kwamba tumemkanyaga, halafu akaongeza kwa sauti ya chini ambayo sisi wa mstari wa mbele tuliisikia: "Hongera, Barasa." Mwalimu wetu akainamisha kichwa akaangalia kamba za viatu vyake vyote viwili.

Baada ya chai tulikwenda stoo kama kawaida, sisi wanne, tukakaa. Mwalimu akachukua chaki. Kabla hajaandika mlango ukafunguka, akaingia msichana wa kidato cha pili na kiti chake kichwani. Nyuma yake mwingine, na kiti. Na mwingine. Waliingia mmoja mmoja wakiinama ili miguu ya viti isigonge kizingiti, na nje kupitia dirishani niliona mstari umefika kwenye tangi la maji. "Mwalimu," wa kwanza akasema, "tumekuja kwa fizikia. Tukae wapi?" Mwalimu Barasa alikuwa bado anahesabu viti kwa ncha ya chaki. Basi mimi ndiye niliyejibu. Niliinuka, nikasukuma magunia ya mbolea hadi ukutani, nikawaambia, "Ingieni, nafasi iko."